Alipoanza kumeza kabla maumivu hayajaja

Nimefunga duka langu la dawa saa tatu usiku na bado namfikiria mama aliyekuja jioni. Nimebadilisha vitu viwili vitatu hapa asije akajulikana, lakini lazima niandike, maana wenye ndugu wa aina yake ni wengi na hawajui wanachokiona.

Sisi wa Dar tukisikia uraibu, akili inakimbilia vijana wa vijiweni wanaosinzia wamesimama. Huyu ni mama wa watu, kitenge kimepigwa pasi, akikusalimia unasikia raha. Bodaboda ilimgonga, mguu ukavunjika, hospitali wakamwandikia tramadol, dawa kali ya maumivu. Waliandika sawasawa, mfupa uliovunjika hautulizwi na panadol. Mwanzoni alikuja na cheti, akachukua dawa, akaenda zake. Siku hizi anakuja na cheti kilekile, kimekunjwa mpaka kinaachana kwenye mikunjo, tarehe imefifia. Leo nikamuuliza, "Mama, mguu bado?"

"Mguu umepona, dokta. Ila nisipomeza silali, na nikiamka nina hasira na kila mtu."

Moyo ulinishtuka. Dawa ilikuwa ya mguu, na sasa mguu haumo tena kwenye maelezo yake. Ukitaka kujua kama dawa kali ya maumivu imeanza kumshika mtu, sikiliza kwanza sababu anazotoa. Anameza ili alale, ili apate nguvu za kufua, ili asigombane na mumewe. Kisha tazama saa. Aliyekuwa akimeza maumivu yakija, sasa anameza kabla hayajaja. Kidonge kimoja hakimtoshi, vinakuwa viwili, vinakuwa vinne, kwa sababu mwili umezoea. Kila mara anahesabu vilivyobaki. Anajua duka gani halidai cheti. Na anaficha: binti yake aliwahi kuvikuta ndani ya ndoo ya mchele, vimefungwa kwenye kipande cha kanga.

Yapo na ya mwilini. Choo kigumu siku nyingi, kujikunakuna, kusinzia katikati ya mazungumzo, mboni za macho kuwa ndogo kama nukta. Lakini kinachozipoteza familia ni ile siku dawa inapokosekana. Miayo isiyokwisha, makamasi, jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, miguu haitulii kitandani. Vijana mtaani wangesema ana arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ila nani atasema hivyo kuhusu mama yake mzazi? Nyumbani kwao walisema malaria. Binti alishampeleka kupima zaidi ya mara moja, vimelea hakuna. Mama akapata vidonge vyake, haikuchukua muda akawa mzima, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Mwili kuizoea dawa si lazima uwe uraibu. Mgonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road anayekunywa morfini, nayo dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, akiikosa ghafla atateseka vilevile, na hana kosa lolote. Uganda, Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapelekea wagonjwa morfini ya maji mpaka majumbani tangu miaka ya 1990, na watu waliokuwa wakilia usiku kucha wakaweza kulala. Inaniuma sana nikisikia ndugu wamemnyima mgonjwa wa namna hiyo dawa yake, eti asije akawa teja. Mgonjwa huyo dawa inamrudisha kwa watu: anakula, anaongea na wajukuu. Mama huyu inamtoa kwa watu. Kikoba ameacha, kwaya ameacha, na sababu ya kuacha hasemi.

Hatari yenyewe si ndogo. Tramadol ikizidi miligramu 400 kwa siku inaweza kuleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inapungua mpaka inaweza kukatika. Ukimkuta mtu haamshiki, anakoroma kwa kukwamakwama, midomo imebadilika rangi, usimwache "alale kwanza". Mkimbize hospitali, wana dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini inamsaidia anayewahi.

Sikumuuzia. Kumfukuza pia sikumfukuza, nilimkalisha kwenye benchi ndani. Nilimkataza kuacha ghafla peke yake. Daktari ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo, pengine kwa wiki nyingi. Kwa waliozama zaidi, hasa kwenye heroini, zipo kliniki za methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, na Muhimbili inatoa tangu 2011. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo na mimi ni teja?"

"Mama, wewe ni mgonjwa uliyepewa dawa kali, na hakuna aliyekwambia lini uiache na uiache vipi."

Alilia kidogo. Nikampigia daktari ninayemwamini, akakubali kumwona kesho asubuhi; vidonge vya kumfikisha kesho bado anavyo. Binti alipokuja kumchukua nikamwandikia kwenye karatasi mambo ya kumweleza daktari bila kuficha: tangu lini anameza, vingapi kwa siku, amenunua wapi, anatumia dawa gani nyingine, na kama anakunywa pombe. Nikamwomba pia aje na zile pakiti tupu zote za nyumbani, hata zilizo kwenye ndoo ya mchele.