Shibiri Mbili na Vidole Vitatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii yote nimeshinda kwenye cherehani. Wanaonijua wanajua macho yangu si yale ya zamani. Kutunga uzi siku hizi mpaka nimwite mtoto wa jirani. Lakini nina mjukuu Njombe, anakimbilia miaka 5, na baridi ya Juni na Julai ya kule si hii yetu ya Tandika hapa Dar, ambayo mtu akizima feni usiku mmoja tayari anasema kuna baridi. Kule mtoto anatoka nje asubuhi pumzi yake inaonekana kama mvuke wa chai. Nikasema nimshonee koti la vipande, lenye kitu cha joto katikati.

Juu niliweka vipande vya vitenge alivyonipa fundi wa mtaani kwetu, kiroba kizima. Katikati blanketi kuukuu, chini bitana ya flaneli. Wapo wanaojaza sufi, ila sufi ikishafuliwa mara mbili tatu inakimbilia pindoni, mtoto anabaki na vitambaa viwili vitupu mgongoni na uvimbe kiunoni. Ndiyo maana koti la namna hii hupigwa mishono mistari mistari kupita tabaka zote tatu, ili cha katikati kisihame.

Nikakosea. Nilikata kwanza, halafu ndipo nikaanza kupiga mistari. Sasa kila mstari unavuta kitambaa kidogo, kidogo, huoni. Nilipomaliza kifua kilikuwa kimepungua zaidi ya inchi 1, koti la mtoto wa miaka 5 limekuwa la miaka 3. Mjuzi hupiga mistari kwenye kitambaa kikubwa, kisha ndipo anakata. Na sindano mbili za namba 14 zilivunjika kabla sijakumbuka kuweka namba 18, iliyo nene zaidi. Usiku wa Jumatatu nikakaa nafumua kwa wembe, nimenuna.

Hapo ndipo Bwana aliponishika. Maana hata vile vipimo nilivyokatia nilikuwa nimevikisia. Vipimo vya mtoto sikuwa navyo, kwa sababu mimi na mama yake hatusemezani.

Niseme tu, humu tunajuana. Mwanangu na mkewe waliachana mwaka jana. Mkwe wangu akachukua mtoto akarudi kwao, na siku ya kuondoka alininyooshea kidole mbele ya majirani, akasema mimi ndiye niliyemharibu mwanangu kwa malezi. Neno lile nimelala nalo miezi 8. Nimekuja nalo ibadani, nimesogea nalo mpaka kwenye meza ya Bwana, nikarudi nalo kwenye benchi.

Mnamjua Hana, yule aliyelilia mtoto, akampata Samweli, akamtoa kwa Bwana akae Shilo kwa kuhani Eli. Sura ile ya kwanza ya Samweli wa Kwanza tunaipenda, machozi yake tumeyahubiri sana kwenye semina za akina mama. Ila sura ya pili mstari wa 19 tunaupita mbio: kila mwaka alimshonea mtoto kanzu ndogo, akampelekea Shilo. Mtoto anamwona kwa mwaka mara moja, na mtoto hasubiri, anakua. Kila kanzu ameishona kwa mwili alioushika mwaka uliopita.

Lakini rudini nyuma kidogo kwenye sura hiyo hiyo mwone kanzu ile inapelekwa kwenye nyumba gani. Kuna Hofni na Finehasi, wana wa Eli, makuhani wasiomjali Bwana. Kuna ule uma wa meno matatu unaozamishwa chunguni kuchukua nyama za watu. Na mzee wa nyumba ni Eli, yule yule aliyemtazama Hana akiomba akamwambia amelewa. Mwanamke ameitwa mlevi mbele ya Mungu wake, na kila mwaka anabeba kanzu kwenda kwa aliyemwita hivyo, kwa sababu mtoto analala kwake. Hakusema, “Nyumba ile ikitengemaa nitapeleka.” Angesubiri itengemae, Samweli angekua hana nguo.

Akina mama wenzangu, na akina baba msijifiche, nawaona. Mji huu una watoto wetu wangapi waliolala mikoani kwa watu tuliogombana nao? Wengine tunatuma hela kwa simu, tukishaona ujumbe wa muamala umeingia tunajiona tumelea. Wengine hata hiyo hatutumi, tunamkomoa mama yake, na baridi inamkuta mtoto. Kwenye mkesha tunawataja watoto kwa majina, tunalia, sauti zinakauka, na namba ya mtu anayewaogesha tumeifungia kwenye simu. Ukimuuliza mtu anakujibu, “Mwenye kosa aanze yeye.” Hiyo umeisoma wapi? Bwana alisema ukiwa umefika na sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, wewe uiache pale uende. Aliyekumbuka ndiye anayeinuka. Sisi tunakumbuka vizuri sana, tunatoa sadaka, tunakaa.

Nasema kwa ukali kwa sababu najisema mwenyewe.

Jumanne nikampigia mkwe wangu. Akapokea: “Shikamoo mama.” Mnajua ile “marahaba” inavyoweza kukwama? Nilisikia jogoo wa kwao akiwika mara mbili ndipo ikatoka. Sikumuuliza hali. Nikasema nataka vipimo vya mtoto, namshonea koti. Akasema futi ya fundi hana. Nikamwambia apime kwa shibiri, kiganja kikitandazwa, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Nikamsikia akimwita, “Simama wima, acha kucheka,” na mtoto anacheka kwa sababu anatekenywa. Mgongo kuanzia shingoni, shibiri mbili na vidole vitatu. Mkono, shibiri mbili kasoro vidole viwili. Nikashukuru, nikakata simu, nikashika chaki.

Halafu nikakumbuka. Shibiri ya nani?

Yangu mimi ni inchi 8 na nusu, nina mikono ya jembe. Yake je? Ikabidi nikae pale nimkumbuke mkono. Miezi 8 mkono ule nimekuwa nikiuona ukininyooshea kidole tu. Sasa nataka ukubwa wake, na ukubwa haupatikani kwenye kidole. Nikaukumbuka umeshika kifuu cha nazi pale uani, kifuu kimeujaza wote. Nikaukumbuka ukinikanda kwa maji ya moto mwaka ule nilipoteguka kifundo, viganja viwili havikutosha kuuzunguka mguu wangu ulivyovimba, tukacheka. Nikaandika inchi 7. Mgongo ukawa inchi 16. Nikalia kidogo, nikapiga mistari kwanza, ndipo nikakata.

Nilikusudia niseme na habari za Dorkasi wa Yafa na wale wajane waliosimama wakilia na nguo alizowashonea mikononi. Huyo tutamrudia wiki nyingine. Na habari ya pindo la kuacha kwa ajili ya mtoto kukua: acheni inchi 2 mikononi, basi.

Alhamisi alfajiri nikaenda Stendi ya Magufuli, pale Mbezi, nikalikabidhi kwenye basi la Njombe. Vifungo vinne, kimoja rangi yake haifanani na wenzake. Ijumaa ukaja ujumbe: “Limefika mama. Mikono mirefu, nimeikunja. Hataki kulivua hata akila.”

Ila lile neno lenyewe bado hatujaligusa, si mimi wala yeye. Tumepigiana mara mbili tangu hapo, tunaongea vifungo na kikohozi cha mtoto. Leo baada ya ibada ya pili nitampigia tena. Mniombee, koo linanikauka.