Jinsi nilivyozuia malipo kukatwa mara mbili
Kwenye mfumo wetu wa malipo kwa simu, mteja analipa shilingi 5,000, anakatwa 10,000. Ilitokea mara chache, kila mara mtandao ukiwa unasuasua, na kwenye majaribio yangu kila kitu kilikuwa sawa. Wiki mbili nzima nilisoma kumbukumbu za seva zetu mbili (kompyuta zinazopokea maombi ya malipo) nisione kitu.

Kilichonitoa ni TLA+, lugha ya mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport: unaandika mfumo kama hali na hatua (hiyo ndiyo modeli), kisha kompyuta inapitia kila mpangilio unaowezekana. Niliandika hatua nne tu: simu inatuma, seva inakata, jibu linapotea, simu inarudia. Sharti lilikuwa moja, ombi moja likatwe mara moja. Jibu likaja papo hapo: seva ya kwanza imekata, jibu limepotea njiani, simu imerudia kwa seva ya pili, nayo imekata.

Nikaipa kila ombi namba inayotungwa na simu yenyewe, seva iangalie kwanza kama namba hiyo imeshaandikwa. Nilidhani nimemaliza. Modeli ikakataa tena! Ombi la kwanza likichelewa njiani, seva zote mbili zinaangalia kwa pamoja, zote hazioni namba, zote zinakata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuangalia na kuandika lazima viwe tendo moja. Nikaifanya namba isijirudie kwenye jedwali la hifadhidata, iingie pamoja na makato katika muamala mmoja wa hifadhidata, yaani viingie vyote au visiingie kabisa. Seva inayochelewa inakataliwa, na simu inapewa jibu la kwanza.

Kama ndiyo unaanza kujifunza, tengeneza modeli ndogo hivi hivi: simu moja, seva mbili, ombi moja.