Joto la Mama Kulwa

Miaka kama 12 iliyopita Mama Kulwa alianza kurusha shuka usiku. Saa nane anaamka kalowa jasho, anafungua dirisha, mbu wanaingia, mimi nanung'unika. Nilikuwa namuuliza, "Wewe, umemeza jiko?" Kisha nageukia ukutani, nalala. Siku hizi anayerusha shuka ni mimi.

Nina kansa ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa: nyonga, uti wa mgongo, mbavu mbili za kushoto. Naandika wazi kwa sababu pale Mwaloni Kirumba, nilipotengeneza mitumbwi miaka 31, wanasema mzee ana mgongo. Wengine wanasema ana kansa ya mifupa. Hapana. Ni ileile ya tezi dume, imehama nyumba tu, na dawa zinaifuata kwa asili yake.

Ilivyoanza nitapita haraka. Nilikuwa nakojoa mara tano kwa usiku, mkojo unakatikakatika. Zahanati moja ikanipa dawa za UTI, zikaisha, wakanipa nyingine, mwaka ukapita. Mgongo ulipoanza nikaisingizia kazi. Anayekalafati mitumbwi anashinda ameinama, nani angeshuku? Hakuna aliyenipima kwa kidole, na nisidanganye, angetaka kunipima ningekimbia. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilipokuja kupimwa ilisoma 187. Kwa kawaida wanapenda isifike 4.

Hospitali wakaniwekea njia mbili. Kuna sindano ya kila siku 28, inayozima homoni ya kiume ambayo ndiyo chakula cha kansa hii. Na kuna upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaofanya kazi ileile kwa mara moja. Sina bima. Nikapiga hesabu ya sindano nikaona naanza kuuza mashine ya Yamaha, inafuata akiba ya mbao, kinafuata kiwanja cha Buhongwa. Mwanangu Doto akasoma kwenye simu kwamba jambo hili linajulikana tangu 1941, kuna daktari wa Chicago, Charles Huggins, aliyeonyesha kuwa ukiondoa homoni kansa inasinyaa, na 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Nikamwambia mwaka huo 1941 babu yako alikuwa anachunga ng'ombe Magu, na madume yalikuwa yanahasiwa bila tuzo yoyote. Yeye alicheka. Mimi nilikaa wiki mbili ndipo nikasaini.

Kabla ya kusaini ilibidi nimwambie mwenzangu. Alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua dagaa.

"Mama Kulwa, wanataka kuniondoa."

"Kukuondoa nini?"

Nikaonyesha kwa macho. Akaendelea kuchambua, akatoa kokoto moja, akaitupa uani.

"Mapacha tulishawapata, Baba Kulwa. Zimeshafanya kazi yake."

Basi, ikaisha hivyo. Usiku nilimsikia analia, nikajifanya nimelala.

Baada ya upasuaji PSA ilishuka hadi 1.9 na mgongo ukalegea. Nyonga iligoma, wakaipiga mionzi mara moja tu. Siku tatu za mwanzo ilizidi kuuma nikaapa wamekosea, ila wiki ya tatu nikaweza kupanda mawe 43 ya kwetu Bugarika bila kupumzika kwa jirani. Morfini ya maji ninayo, nakunywa kwa saa, siyo mpaka niumwe. Wanaosema ukiianza umekwisha waje waniangalie nikinoa tezo. Ubaya wake ni choo kigumu, ndiyo maana kwetu papai haliishi.

Lakini hilo joto la kukosa homoni, kama lile la Mama Kulwa! Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni kama mtu amefunua sufuria ya ugali usoni pako, masikio yanawaka, jasho linachirizika hadi kiunoni. Dakika tatu, nne, halafu unabaki na baridi na shati lililokugandia. Siku moja lilinikuta katikati ya kupatana bei ya mbao. Muuzaji akadhani nimeshtushwa na bei, akapunguza elfu kumi. Sikumsahihisha.

Feni tunayo moja, ile inayogeuza shingo. Zamani nilikuwa naizima, eti inanitia mafua. Sasa tunalala tumeitazama wote wawili, inakwenda kwake, inarudi kwangu. Usiku mmoja iligeukia upande wake nikaona ameisukuma kwa mguu inielekee mimi. Nikamwambia, "Mama Kulwa, nisamehe kwa yale maneno ya jiko." Akauliza jiko gani. Nikamkumbusha. Akanyamaza, feni ikaenda na kurudi, ndipo akasema, "Ulisema pia nanuka kama mbuzi aliyenyeshewa." Hilo nilikuwa nimelisahau. Yeye hakusahau.

Umeme ukikatika analowesha kanga kwenye ndoo, anaikamua, ananitupia begani. Alfajiri moja nilitoka nje nikiwa nimejifunga hivyohivyo, kijana wa bodaboda akapita. "Shikamoo mzee," akaangalia kanga, akaangalia pembeni. Nikaitika marahaba kwa sauti nzito kuliko ya kawaida.

Vipimo vitatu vya mwisho vimesoma 1.9, 3.4, 6.8. Daktari anasema kansa imeanza kujifunza kuishi bila kile chakula. Ameniongezea vidonge, tarehe 14 narudi. Nikamuuliza muda, akasema hawezi kutaja, nami sikumbana. Alichosisitiza ni miguu: ikipoteza nguvu au ikifa ganzi, au mkojo ukigoma, nisingoje asubuhi wala daladala, nije saa hiyohiyo, maana huenda uti wa mgongo unabanwa.

Kwa hiyo kila kukicha, kabla hajawasha mkaa, Mama Kulwa anaushika mguu wangu chini ya shuka.

"Vidole?"

Navichezesha.

"Na wa pili."

Navichezesha. Anatoka kuwasha mkaa.