Filta ya hewa ya pikapu: tazama mpira kabla ya karatasi

Filta mbili za pikapu moja zikiwekwa mezani, zote zina mikunjo, zote zina mpira ukingoni, na muuza spea ataapa kwamba zote zinaingia. Kuingia zitaingia. La kuuliza ni kama mpira utaziba ukingo bila kuacha mwanya. Vumbi lililoachiwa upenyo wa nusu milimita ubavuni halina sababu ya kuhangaika na karatasi, hata karatasi ikiwa bora namna gani.

Tuanze na kiasi cha hewa kinachopita hapo. Injini ya petroli huunguza kilo moja ya mafuta kwa takriban kilo 14.7 za hewa. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo kila lita inayokwisha kwenye tangi imekwenda na hewa ya karibu lita 9,000. Dizeli huvuta zaidi, kwa sababu yenyewe hufanya kazi na hewa ya ziada. Injini ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hukaribia kumeza lita 2,500 za hewa kila dakika. Turbo ikishika kazi, kiasi hicho huweza kukaribia mara mbili. Kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori, hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu aache kuichukulia filta kama kipande cha karatasi tu.

Vumbi lenyewe lina mchanga laini wa silika, ambao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazoumiza zaidi si zile unazoziona kiganjani. Ni zile za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 20, wakati unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Hizo ndogo zinatoshea katikati ya utando wa oili, baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na humo husaga pande zote mbili kama msasa. Injini haitazima siku hiyo. Itaanza kula oili, itapoteza kompresheni, itakuwa ngumu kuwaka asubuhi, na lawama itaangukia oili au fundi.

Namba ya spea

Namba ndiyo njia fupi ya kupata filta sahihi, lakini ichukue kwenye kataloga ya gari lako, si kwenye filta iliyomo ndani. Iliyomo huenda iliwekwa na mtu aliyekisia. Jina la pikapu na mwaka pekee havitoshi: muundo mmoja wa pikapu huuzwa na injini tatu au nne, na kasha la filta hubadilika pamoja na injini. Tafuta kwa namba ya chesisi na aina ya injini.

Filta za hewa za Toyota huwa na namba inayoanza na 17801, za Nissan 16546. Tarakimu zinazofuata, pamoja na herufi, ndizo zinazotofautisha filta moja na nyingine, kwa hiyo usiridhike na nusu ya kwanza kufanana. Kwa watengenezaji wengine, jihadhari na herufi: MANN huanza namba za filta za hewa kwa C, ilhali Sakura na VIC hutumia A kwa hewa na C kwa oili. Anayeagiza kwa simu huku akisema “ile ya C” anaweza kuletewa filta ya oili.

Namba ikikosekana, pima. Kwa filta bapa, pima urefu, upana na kimo, kisha unene wa mpira peke yake. Kipimo hicho cha mwisho ndicho watu husahau, na ndicho kinachoamua kila kitu. Mpira mwembamba kwa milimita mbili unaruhusu kifuniko kufunga bila kuugandamiza: klipu zinaingia vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, na hewa inapita pembeni. Mpira mnene kupita kiasi unakipindisha kifuniko au kuvunja klipu. Kwa filta ya duara, pima kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani juu na chini (mara nyingi havilingani), na kimo. Halafu angalia inaziba wapi: kwenye uso wa kifuniko chake, au kwa ndani ya tundu linalovaa bomba. Mbili hizo hazibadilishani hata vipimo vingine vikifanana.

Mpira

Ubonyeze kwa kidole gumba. Mzuri hukubali kuingia ndani, kisha hurudi mara moja. Ukibaki na alama ya kidole, utalala na kuacha mwanya baada ya muda mfupi wa joto la injini. Ukiwa mgumu kama plastiki, hautafuata umbo la kasha. Pitisha kidole ukingo mzima ukitafuta mapovu, maungio yaliyoachana na sehemu ambazo gundi haikujaa. Angalia pia mahali mpira unapokutana na karatasi. Kwenye filta hafifu mikunjo ya pembeni huwa haikuzama ndani ya mpira, na hapo pana mlango wazi.

Karatasi na eneo lake

Baada ya mpira ndipo uhesabu mikunjo. Eneo la karatasi ni idadi ya mikunjo, mara kina cha mkunjo, mara mbili, mara urefu wa mkunjo. Filta yenye mikunjo 60 ya kina cha sentimita 4.5 na urefu wa sentimita 22 ina sentimita za mraba 11,880, yaani karibu mita 1.2 za mraba. Nyingine ya ukubwa ule ule kwa nje, yenye mikunjo 45, ina 8,910. Robo ya karatasi imeondolewa na umbo halikubadilika. Hewa ile ile sasa inapita kwa kasi zaidi kwenye karatasi ndogo, na filta inaziba mapema. Ndiyo maana filta ya bei nafuu mara nyingi si nafuu.

Mikunjo iwe na nafasi sawa. Ile iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine haifanyi kazi yote, na ikilowa hushikana kabisa. Watengenezaji wazuri huweka mistari ya gundi au vinundu kwenye karatasi ili mikunjo isigusane. Washa tochi nyuma ya filta mpya: mwanga uonekane hafifu na wa kulingana kote. Nukta inayong'aa ni tundu, na filta hiyo irudi dukani.

Ukiona asilimia ya uchujaji kwenye boksi, uliza ilipimwa kwa kiwango gani. Kinachotumika kwa filta za hewa za injini ni ISO 5011, ambapo filta hulishwa vumbi maalumu la kupimwa na kinachopenya hupimwa uzito. Asilimia 99.5 na 98 zinasikika kama ndugu, lakini igeuze hesabu: ya kwanza inapitisha 0.5, ya pili inapitisha 2. Hiyo ni mara nne ya vumbi ndani ya silinda.

Filta za pamba zinazopakwa mafuta na kuoshwa zina wapenzi wake. Kwa pikapu ya kazi inayokwenda kwenye vumbi, mimi nachagua karatasi. Nyingi za pamba hupata wepesi wa kupitisha hewa kwa kuachia vumbi jembamba zaidi, na nguvu inayoongezeka kwenye injini isiyofanyiwa marekebisho ni ndogo mno kuisikia. Kisha kuna mafuta yenyewe. Yakizidi, huvutwa na kutua kwenye waya wa moto wa sensa ya hewa. Sensa inasoma vibaya na taa ya injini inawaka. Yakipungua, pamba haikamati kitu.

Wakati wa kubadilisha

Vitabu vingi vya pikapu huweka kati ya kilomita 20,000 na 40,000 kwa barabara ya lami, na huagiza muda mfupi zaidi kwa vumbi. Kilomita ni makisio tu. Kinachosema kweli ni ugumu wa kuvuta hewa. Baadhi ya magari yana kiashirio kidogo cha plastiki kwenye kasha au bomba, ambacho huonyesha rangi nyekundu filta ikibana na hubaki hapo mpaka ubonyeze kitufe. Kama gari lako linacho, kiamini kuliko macho yako, kwa sababu filta iliyogeuka rangi si lazima iwe imeziba.

Dalili hutofautiana kwa injini. Dizeli yenye pampu ya kizamani haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumwaga mafuta yale yale, na matokeo ni moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani. Kwenye turbo, filta iliyoziba huongeza mvuto mbele ya feni ya kompresa kiasi kwamba oili huweza kunyonywa kupitia sili, ukaikuta imelowanisha bomba la hewa. Petroli ya kisasa ni tofauti: kompyuta hupima hewa na kupunguza mafuta ilingane nayo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2009: kwenye magari ya petroli yenye sindano za mafuta, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, ila gari lilichelewa kuchanganya mwendo. Kwa hiyo anayesubiri gari lianze kunywa petroli ndipo abadilishe filta atasubiri sana. Kabureta ni habari nyingine. Yenyewe hula kweli.

Kupiga upepo

Hapa ndipo filta nyingi huuawa. Filta mpya kabisa hupitisha vumbi zaidi kuliko ile iliyokwisha kutumika kidogo, kwa kuwa tabaka la kwanza la vumbi husaidia kukamata linalofuata. Kuitoa kila wiki na kuipuliza ni kuirudisha kila mara kwenye hali yake dhaifu, na kila ukifungua kasha unapata nafasi mpya ya kuangusha vumbi upande safi. Tena shinikizo la upepo wa kompresa ya gereji kwa kawaida ni baa 7 au 8, na ukielekezwa karibu unatoboa karatasi matundu yasiyoonekana bila tochi.

Ukilazimika kuisafisha, na kitabu cha gari kikiruhusu, shusha upepo usizidi baa 2, weka mdomo wa bomba mbali kwa sentimita 15 au zaidi, na puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Kamwe usiigonge kwenye tairi au sakafu: mpira hupinda, karatasi hupasuka penye gundi. Usiioshe ya karatasi kwa maji wala petroli. Baadaye irudishe kwenye mtihani wa tochi. Na kama kasha lina filta ya pili ndogo ya ndani, hiyo haisafishwi hata kidogo. Hubadilishwa, kwa kawaida kila mara ya tatu unapobadilisha ya nje.

Kufunga

Zima injini. Futa vumbi juu ya kasha kabla ya kulifungua, la sivyo litaangukia ndani. Fungua klipu, inua kifuniko bila kuvuta waya wa sensa, toa filta taratibu. Sasa usiguse kitu kwanza, tazama. Upande wa injini unatakiwa kuwa safi. Ukiona mstari wa vumbi umevuka mpira, filta ya zamani ilikuwa inavujisha mahali hapo, na kasha ama mpira ndio wa kushughulikiwa kabla ya kuweka mpya.

Futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Upepo hapa unasukuma uchafu kuelekea kwenye injini. Toa majani na mchanga chini, hakikisha tundu la kutolea maji halijaziba. Penye kidomo cha mpira cha kudondoshea vumbi, kibinye. Kikiwa kimepasuka au kimepotea, filta itajaa haraka mno. Kagua bomba la kutoka kwenye kasha hadi turbo au kabureta, hasa kwenye mikunjo yake ya chini, maana ufa uliopo baada ya filta huifanya filta yote isiwe na maana.

Laza filta mpya ikae yenyewe bila kusukumwa. Usipake grisi kwenye mpira kuficha mwanya. Funga klipu zote, zinazotazamana kwanza. Kwenye kasha la duara lenye nati ya masikio, angalia wosha ya mpira chini ya nati. Ikikosekana, hewa chafu inapita katikati moja kwa moja. Rudisha plagi ya sensa, washa injini, sikiliza mluzi. Andika tarehe na kilomita ukingoni mwa filta kwa kalamu ya wino mzito.

Baada ya kama kilomita 500 za vumbi, fungua mara moja tu. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba upande wa injini. Kikitoka cheupe, funga na uiache mpaka muda wake. Kikitoka na vumbi, rudi kwenye mpira.