Imepanda au Imeshuka?

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho mgongo mzima, vidole vinatetemeka hata akashindwa kufungua kifungo. Tukimwuliza hili anajibu lile. Kipima sukari kilikuwa kimeisha betri. Kilichobaki ni karatasi aliyopewa siku aliyoruhusiwa kutoka wodini, na mistari yake miwili ya Kiingereza: kwa “hyperglycaemia”, insulini, kwa “hypoglycaemia”, sukari.

Dada aliishika karatasi mkono mmoja, sindano mkono mwingine. Mjomba alikuwa nyuma yake akimhimiza. “Mchome, mwanangu, unasubiri nini? Si ana sukari?”

Nikampigia shangazi, ambaye ni muuguzi, nikaanza kumsomea. Akanikatiza.

“Weka karatasi pembeni. Ana jasho?”

“Ndiyo, shangazi. Jingi.”

“Anatetemeka? Imemwanza ghafla?”

“Ndiyo.”

“Basi imeshuka. Dada yako asimchome! Koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, anywe sasa hivi maadamu anaweza kumeza. Mpe dakika 15.”

Dakika hizo hazijatimia, baba akatuuliza kwa nini tumemzunguka.

Nikilikumbuka tukio lile mwili hunisisimka. Kazi ya insulini ni kuishusha sukari ya damu. Ukimchoma mtu ambaye yake imeshuka tayari, unaisukuma chini zaidi. Anaweza kupoteza fahamu, anaweza hata kufa. Na kati ya maneno yale mawili tofauti ni herufi moja au mbili, zimejificha karibu na mwanzo, na ukiyatamka haraka huwezi kujua lipi limesemwa.

Kesho yake shangazi alikuja. Hakumlaumu mtu. Alichukua ile sindano ikiwa na kofia yake, akaniambia maneno yale yametoka Kigiriki: “hyper” ni juu, kupita kiasi, “hypo” ni chini. Halafu akanionyesha ngozi ya mkono wake. Sindano kama hii, akasema, Kiingereza huiita “hypodermic”, kwa kuwa inapita chini ya ngozi. Tangu hapo sijawahi kubabaika: nikiona “hypo” naiona ncha ikizama.

Akatueleza na dalili. Ikipanda, mtu hushikwa na kiu, mdomo hukauka, anakwenda haja ndogo kila mara, na mara nyingi hali hiyo hujijenga kwa saa nyingi au siku kadhaa. Ikishuka huja kwa kishindo: jasho, kutetemeka, njaa, kuchanganyikiwa. Akishazimia, mdomoni asitiwe chochote. Ni kukimbizwa hospitali.

Ninachoshikilia ni kwamba karatasi inayokwenda nyumbani na mgonjwa iandikwe kwa lugha ya nyumba hiyo. Sisi tunasema sukari imepanda, sukari imeshuka. Hata mtoto hakosei. Shangazi aliyaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu juu ya ile mistari miwili.

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akavuta droo na kutoa cheti chake cha kliniki ya presha. Akakiweka mbali na macho kama ilivyo kawaida yake, akafuata herufi kwa kidole: “Hyper... tension.” Akamtazama dada yake. “Kwa hiyo yangu ni ya kupanda.”

“Ya kupanda, kaka,” shangazi akasema. “Na dawa ya asubuhi umemeza?”