Jumba la opera lililojengwa na wachimba dhahabu

Central City, huko Colorado, Marekani, iliungua vibaya mwaka 1874. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, moto ukazipitia kama nyasi kavu. Ndiyo maana jumba la opera lililofunguliwa 1878 ni la mawe matupu, kuta zina unene wa futi 4 hivi! Mchoro wa jengo ni wa msanifu majengo Robert Roeschlaub, lakini kazi ya mawe ilikuwa ya wachimba migodi kutoka Cornwall na Wales, huko Uingereza, watu waliolijua jiwe na kupenda kuimba. Dhahabu ilipopungua, likageuzwa sinema, kisha likafungwa. Lilikarabatiwa, likafunguliwa tena 1932. Ninachokipenda zaidi ni viti vyake vya zamani vya mbao ngumu ya hikori, vilivyochongwa majina ya waasisi, ambavyo vilitumika hadi 1999.