Kutoka Tabora hadi Dodoma kwa njia ya wajumbe

Nilianzia Tabora kwa makusudi. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika hapa kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walikuja na msimamo wa kususia. Nyerere akawasihi waingie, wakakubali. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, ANC. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda Septemba 1958 na tena Februari 1959. Kazi ya mjumbe ni ngumu kwa sababu hiyo: ametumwa na watu wa kwao, lakini huko aendako atasikia hoja ambazo waliomtuma hawajazisikia.

Stesheni ya Tabora inakutanisha reli za Kigoma na Mwanza, ndiyo maana ilikuwa njia ya kawaida ya wajumbe wa magharibi, hasa baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kwa reli ya zamani ni kilomita zipatazo 380. Unapita Itigi na Manyoni, kisha Saranda, ambako wauza kuku hukimbilia madirishani na sinia kichwani. Shika noti ndogo mkononi kabla treni haijasimama, maana chenji ikikosekana treni haikungoji. Baada ya hapo njia inateremka kwenye Bonde la Ufa hadi Bahi.

Lakini safari ya mjumbe wa CCM, chama kilichorithi TANU, haianzii stesheni. Chaguzi za ndani hufanyika kila baada ya miaka 5, zikipanda kutoka shina, tawi na kata hadi wilaya, na wilaya ndiyo inayochagua wajumbe wake wa Mkutano Mkuu wa Taifa. Kabla ya kufunga begi angalia mambo mawili: ada iwe imelipwa, na jina lako liwe kwenye orodha inavyosomeka kwenye kadi. Aliyeziba nafasi ya marehemu au ya aliyehama ahakikishe jina la zamani limefutwa. Hilo limalizwe wilayani. Karani wa mlangoni Dodoma ana orodha tu mbele yake, hana mamlaka ya kuirekebisha. Chumba nacho kitafutwe mapema, kwani wiki ya mkutano gesti za mjini hujaa.

Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete kiko barabara ya Dar es Salaam. Julai 2015 kura za kumpata mgombea urais wa CCM zilipigwa humo: John Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Duru moja ikatosha.

Ukumbi wa Chimwaga, ulio ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ndio niliotaka zaidi kuuona. Julai 1995 wajumbe walipiga kura hapa mara mbili kumpata mgombea urais wa CCM. Duru ya kwanza: Jakaya Kikwete 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, Msuya akatoka. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Ukitoa utaona Mkapa aliongeza 227, Kikwete 105. Aliyeongoza mwanzo alishindwa na wajumbe ambao mtu wao alikuwa ameshatolewa, na walikuwa na muda mfupi tu wa kuamua waelekee wapi. Mjumbe anayekuja na jina moja kichwani, bila kufikiria la pili, muda huo humkuta mikono mitupu. Jumla ya duru ya kwanza ni 1,329, ya pili 1,325. Zilipungua kura 4 tu. Karibu wote walikuwa bado wamo ukumbini.